Mtunza Nembo wa Ngara

Stendi ya Ngara siku ya Jumamosi haimpi mtu mahali pa kusimama na kufikiri. Mabasi ya Biharamulo na Kahama yanapiga honi, wapiga debe wanagombea mizigo ya watu, akina mama wamepanga mikungu ya ndizi mpaka ukingoni mwa lami, na harufu ya chapati inapenya katikati ya moshi wa pikipiki. Katika ghasia hiyo alisimama Josiane Uwase, msichana ambaye hata kumwambia konda "shusha" lilikuwa jambo la kujipanga kwanza. Alikuwa ameinua uso, akimtazama kijana aliyekuwa juu ya ngazi akifunga bango.

Bango lilikuwa la kumpongeza mhitimu. HONGERA BINTI YETU LIMI, liliandikwa, na Limi mwenyewe alikuwa anacheka ndani ya joho lake. Tatizo lilikuwa pembeni ya Limi. Pale ilikaa nembo ya Chuo Kikuu cha Ruvuvu, au kile kilichosalia cha nembo hiyo. Mto unaopaswa kupita kwa madaha kati ya vilima viwili ulikuwa umevutwa ukapanuka kama ziwa. Vilima vilikuwa vimelala chini kama chapati. Buluu ya chuo ilikuwa imegeuka kijani cha mchicha, na kuizunguka yote palijazwa mawaridi mekundu, hata jua la dhahabu likapata shida ya kuchomoza.

Josiane alivaa blauzi nyeupe na sketi ya kitenge iliyomkaa vizuri, nywele zake zimesukwa twende kilioni, na mkononi alikuwa na mfuko wa nyanya. Alikuwa ametoka kununua mboga tu. Lakini alikuwa pia ofisa mawasiliano msaidizi wa tawi jipya la chuo hicho pale Ngara, akiwa bado katika muda wa majaribio, na kazi yake ilikuwa kuilinda nembo: isivutwe, isibadilishwe rangi, isipandishwe juu ya maua, na siku zote iachiwe nafasi tupu ya kupumulia. Ofisini kazi hiyo ilikuwa rahisi, kwa kuwa unaandika barua pepe. Juu ya ngazi hapakuwa na barua pepe.

"Samahani, kaka," alisema. Sauti yake haikuvuka nyanya zake.

Alijaribu tena. Mpiga debe mmoja akamhurumia, akamsaidia kwa koo lake la kazi.

"Wewe wa bango! Dada huyu anakuita."

Kijana akageuka, kamba ikiwa bado mdomoni.

"Huo mto," Josiane alisema. "Umeuvuta."

"Mto gani?"

"Wa nembo. Hauvutwi."

Kijana alilitazama bango, akamtazama Josiane, akatoa kamba mdomoni. "Dada yangu, mteja amelipia mita tatu. Nikimwachia mahali patupu atasema nimemwibia. Hapa kwetu mgeni hapewi sahani iliyojaa nusu."

"Pale patupu ndipo heshima yake ilipo," alijibu Josiane, kisha akashangaa ni nani aliyesema hayo.

Kijana alishuka. Alikuwa mrefu, mwenye fulana iliyodondokewa na wino wa rangi zote, na mwanya katikati ya meno uliofanya kila anachosema kionekane kama mzaha. Jina lake lilikuwa Gidioni Nzeyimana, mwenye stesheneri na mitambo ya kuchapa karibu na soko. Alieleza bila kinyongo kwamba watu humletea nembo waliyoipiga picha kwa simu kwenye kibao cha geti, wakati mwingine jioni, wakati mwingine na mbuzi mbele yake. Yeye hufanya anachoweza. Josiane alicheka kwa ajili ya mbuzi, akaahidi kumtumia picha safi.

"Nikuandike nani kwenye simu?" Gidioni aliuliza.

"Josiane."

"Nitaandika Bi Nembo," akasema, na akaandika hivyo mbele yake. Bango la Limi alilishusha jioni ileile, akalirudisha kesho yake likiwa na mto mwembamba kama ulivyozaliwa. Mama yake Limi alilalamika kidogo kuhusu mawaridi, akapewa mawaridi yake upande wa pili.

Basi utaratibu wa chuo ulisema kwamba kila anayetumia nembo aonyeshe kazi yake kwanza ili ipitishwe. Hakuna mchapaji wa Ngara aliyewahi kuutii utaratibu huo kama Gidioni. Alituma bango, alituma kadi, alituma kikombe. Mwanzoni kazi zake zilikuwa safi kabisa na Josiane alijibu kwa neno moja: imepita. Kisha makosa yakaanza kurudi, tena ya ajabu ajabu. Siku moja Josiane akapiga simu.

"Gidioni, jua limehamia kushoto."

"Kweli? Labda ni machweo."

"Na jana vilima vilikuwa vitatu. Unafanya makusudi."

"Nikipatia, unaniandikia neno moja," Gidioni alisema. "Nikikosea, unapiga. Ungekuwa wewe ungechagua lipi?"

Josiane aliibana simu kifuani kwanza, asije akasikika anavyopumua. Aliporudi kwenye simu alisema kwa sauti ya kiofisi kwamba jua lirudishwe mahali pake. Ila siku hiyo hakukata mpaka chaji ilipokwisha.

Jumapili baada ya misa wakaanza kutembea pamoja, wakipanda kilima nyuma ya mji huku wanakula ndizi za kuchoma kwenye karatasi. Gidioni alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, na Josiane alivaa gauni lake la njano ambalo shangazi yake alisema linaonekana toka Burundi. Walikaa kwenye nyasi, katikati yao pakiwa na mahali pa kutosha kukaa mtu wa tatu.

"Mwongozo wenu unasema nembo iachiwe nafasi sawa na kimo cha herufi yake kubwa," Gidioni alisema. "Sasa mtunza nembo mwenyewe tunamwachia kiasi gani?"

"Kimo cha mtu."

"Mtu mzima au mtoto?"

Josiane aliangalia chini, kwenye paa za mabati zilizokuwa ziking'aa, akafikiri kwa muda mrefu kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. "Mtoto," alisema. Gidioni akasogea.

Tawi lilipokaribia kuzinduliwa, stesheneri ya Gidioni ilipewa kazi ya fulana, na Josiane akamwekea faili asilia za nembo kwenye flashi. Wachapaji walitakiwa kuidhinishwa kwanza na mkuu wa tawi, Dokta Bigirimana, lakini mkuu alikuwa Mwanza, na Josiane alipanga kumweleza akirudi. Aliporudi, Josiane aliona haya. Angesemaje jina la Gidioni mbele ya mkuu bila uso wake kumsaliti? Akanyamaza. Fulana zilitoka nzuri, uzinduzi ukafana, viongozi na walimu wa wilaya mbili wakala wali, wakacheza ngoma, wakaenda zao. Lile jambo dogo likasahaulika.

Halikukaa sana kwenye usahaulifu huo. Dokta Bigirimana alimwita ofisini, akamsogezea simu yake mezani. Ilikuwa picha ya kibao kutoka Nyantakara, Biharamulo. Kituo kimoja cha masomo ya ziada kilikuwa kimejitangaza, na chini ya jina lake paliandikwa: kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ruvuvu. Wazazi walikuwa wameanza kuwapeleka watoto wao wakiamini wanapita mlango wa chuo. Chuo hakikuwa kinakijua kituo hicho.

"Angalia nembo," Dokta alisema.

Josiane aliangalia. Haikuvutwa. Buluu ilikuwa buluu yenyewe, na kingo zake zilikatika safi kama wembe.

"Hii haikupigwa picha getini. Imetoka kwenye faili letu. Nani analo?"

Kulikuwa na mtu mmoja tu nje ya ofisi ile aliyekuwa na faili. Alilitaja jina lake kwa sauti ndogo, na mkuu akamwomba arudie.

Mambo yalikwenda haraka kuliko alivyodhani. Tangazo likapelekwa kwenye makundi ya simu ya wanafunzi na wahitimu kwamba stesheneri ile isipewe kazi yoyote yenye jina la chuo. Ngara ni mji ambao mtu akipiga chafya sokoni, anaambiwa pole stendi. Mpaka jioni ilikuwa imeshasemwa kwamba Gidioni anauza nembo za watu. Mteja wa kadi za harusi akafuata pesa yake ya awali. Kwaya ya parokia ikapeleka sare zake kwingine.

Gidioni alipiga simu siku iliyofuata. Hakutania.

"Josiane, wanasema nimeuza nembo yenu Biharamulo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wewe unasemaje?"

Maneno yalikuwepo. Angeweza kuuliza, je, ni kweli? Angeweza hata kulia. Lakini tangu utoto, jambo likiwa zito Josiane alikimbilia kimya, kama kuku anavyokimbilia chini ya ghala mvua ikianza. Akakimbilia huko.

"Basi nimeelewa," Gidioni alisema. "Watu wa mjini sikuwauliza kitu, Josiane. Nilikuuliza wewe." Simu ikakatika.

Wiki hiyo Josiane alikula kidogo na kujibu watu kwa kichwa. Hakuna bango lililoletwa kwake likiwa na jua upande wa kushoto. Makosa ya wachapaji wengine yalikuwa makosa tu, hayakuwa na mtu ndani yake.

Mkuu alimtuma aende Nyantakara akakague kile kibao kabla chuo hakijachukua hatua. Josiane alipanda gari la Biharamulo akiwa amevaa miwani ya jua ili asionekane macho, akafika saa za mchana, akasimama mbele ya kibao kama alivyofundishwa chuoni kukagua kazi: mto kwanza, kisha vilima, kisha jua, kisha nafasi ya kuzunguka. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo akaona, chini ya jina la chuo, mstari wa herufi nyembamba: Tawi la Ngara.

Akashika nguzo ya kibao.

Faili alizompa Gidioni hazikuwa na mstari huo. Zile zilikuwa za chuo kizima, kwa ajili ya fulana. Nembo yenye maneno "Tawi la Ngara" aliitengeneza yeye mwenyewe, kwa kazi moja tu: kadi ya mwaliko wa uzinduzi. Na kadi hiyo aliituma kwa simu kwa kila ofisi ya kata na kila mwalimu mkuu, wa sasa na mstaafu, Mugoma mpaka Kaniha mpaka hapa Nyantakara, ikiwa bado faili la kazi ambalo hakuligeuza kuwa picha. Yeyote mwenye kompyuta angeweza kuitoa nembo humo nzima, kama mtu anayetoa kokwa kwenye parachichi lililoiva.

Mwenye kituo alitoka kumlaki. Aliitwa Mwalimu Elick, mwalimu mkuu mstaafu mwenye koti la suti juu ya kandambili, na hakuwa na sura ya mwizi hata kidogo. Alimwagizia soda. Josiane alipomuuliza nembo ameipata wapi, mzee alishangaa.

"Si mlinitumia wenyewe, binti yangu? Mlinialika, nikaja, nikala wali wenu, nikacheza na mkuu wenu. Kwetu anayealikwa sherehe ya nyumba ni ndugu wa nyumba. Nikaandika undugu wetu pale nje, watu wauone."

Josiane alimweleza kwa upole kwamba mwaliko si ushirikiano, na kwamba wazazi wanadhani watoto wao wamo chuoni. Mzee akavua kofia. Alisema hakufikiri upande huo wa wazazi. Kabla soda haijaisha alikuwa ameshakoroga rangi nyeupe ya kufutia, akaahidi kuwaita wazazi na kuwaeleza mwenyewe.

Njia yote ya kurudi Josiane hakuvaa miwani. Aliingia ofisini kwa mkuu na vumbi la safari na kusema yote akiwa amesimama: kwamba mlango aliuacha wazi yeye, kwamba faili alimpa Gidioni bila idhini, na kwamba Gidioni hakumpa mtu.

Dokta Bigirimana alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Alisema tangazo la kumsafisha kijana litoke leo, na aliandike Josiane. Mialiko yote kuanzia sasa itumwe kama picha. Kijana aletwe aidhinishwe kama wachapaji wengine, akikubali kuja. "Kuhusu majaribio yako," akaongeza, "nitaandika kwamba unakosea, lakini hukosei gizani. Na huyo kijana utamfanyaje?"

"Nitamwomba radhi, Mkuu."

"Hilo halina mwongozo," Dokta alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Kweli halikuwa na mwongozo. Simu ya Gidioni iliita ikaachwa. Josiane alikwenda dukani kwake, akamkuta anakata karatasi. Gidioni alimkaribisha vizuri mno, kama mteja. Akamshukuru kwa tangazo jipya, akamuuliza anachapa nini. Josiane alifungua mdomo, akaishia kununua bahasha.

Ndipo akapanda pikipiki kwenda Mugoma kwa shangazi yake Febronia, mwanamke aliyelima kahawa na kusuluhisha nusu ya kata. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anapeta maharage.

"Umemchukulia mtu jina lake," alisema, "halafu unataka kulirudisha kwa simu? Jina hurudishwa nyumbani kwa mwenyewe, mwanangu, na mtu mzima, na rubisi."

Rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa tayari ndani ya nyumba. Kwa Shangazi haikosekani. Jumapili alasiri wakashuka mjini. Febronia alivaa mshanana wake wa rangi ya zambarau, vazi la heshima lililofungwa begani, akabeba kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba. Josiane alivaa gauni la njano kwa sababu Shangazi alikataa lile la kijivu, akisema radhi haiombwi kwa nguo ya msiba. Walitembea polepole kwenye kijia cha kwenda kwa mama yake Gidioni, na hapo ndipo Josiane alipoona majirani wanatoka mmoja mmoja milangoni.

Mwanamke mtu mzima ndani ya mshanana. Binti aliyependeza, ameinamisha uso. Kibuyu cha rubisi. Katika vilima vile hakuna asiyejua maana ya msafara wa namna hiyo. Ajabu ilikuwa moja tu: safari hii watu wa binti ndio waliokuwa wanakwenda kuposa. Jirani mmoja hakuweza kuvumilia mpaka apate maelezo. Akapiga kigelegele. Mwingine akakipokea.

Mama Tecla, mamake Gidioni, alitoka na unga mikononi, akaona, akarudi ndani mbio kutafuta viti.

"Shikamoo, mama," Josiane alisema.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Karibuni sana," Mama Tecla alisema, akigeuka huku na huku. "Ila jamani, si ni sisi tuliopaswa kuja kwenu? Au siku hizi mambo yamegeuzwa? Gidioni, toka huko, kuna wageni wako."

Gidioni alitoka. Alipomwona Josiane alisimama palepale mlangoni. Kelele za nje zilikuwa zinaongezeka.

"Hatukuja kuposa, mama mwenzangu," Febronia alisema, akiweka kibuyu mezani kwa utulivu. "Tumekuja kuomba radhi. Lakini mimi nimebeba tu. Mwenye maneno ni huyu."

Wakamgeukia wote. Hata jirani wa vigelegele alikuwa ameshaegemea ua. Josiane alihisi kimya chake kinamwita, kile cha chini ya ghala. Hakukiendea.

"Gidioni," alisema, "mkuu aliponiuliza nani ana faili, nilitaja jina lako bila kukuuliza. Uliponipigia ukaniuliza mimi, nikanyamaza. Kosa la faili lilikuwa langu, hilo nimelisema ofisini. Lakini kile kimya ndicho kinachonila. Wewe hukuwa umenikosea kitu. Nisamehe mbele ya mama yako, na mbele ya hawa walioko uani."

Walioko uani walijifanya wanafukuza kuku.

Gidioni alisogea mezani. Alifungua kibuyu, akamimina kikombe kimoja, akampa Shangazi aonje kama ilivyo adabu, kisha akanywa mwenyewe mpaka chini. Mama Tecla akapumua kwa sauti. Mtu hanywi pombe ya aliyemkatalia.

"Siku zile wateja walipokimbia nilihuzunika," Gidioni alisema. "Lakini kila nilipopata kazi yenye jua, nilikuwa napeleka mkono kushika simu, halafu nakumbuka. Hiyo ndiyo iliniuma. Radhi nimeipokea, Josiane. Imekwisha."

Josiane aliitikia kwa kichwa, machozi yakiteremka bila kumwomba ruhusa. Nje kigelegele kikaanza upya, maana jirani alikuwa ameona kikombe kikinywewa.

"Sasa wale," Gidioni alisema, mwanya wake ukionekana kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, "nani atakwenda kuwaambia kwamba wamekosea?"

"Mimi siwezi," Josiane alisema, akijifuta. "Naona haya."

"Mimi nimechoka, leo ni Jumapili."

"Mimi nina unga mikononi," Mama Tecla alisema haraka.

Wote wakamtazama Febronia, ambaye alikuwa anajimiminia kikombe cha pili na hakuonyesha dalili ya kuinuka.

Gidioni alikuja akachuchumaa mbele ya kiti cha Josiane, hata magoti yake yakagusa pindo la gauni la njano. Alisema taratibu, yeye peke yake asikie, ingawa nyumba nzima ilisikia. "Wazee wangu wapande Mugoma Jumapili ijayo, wafuate njia iliyonyooka? Sema mwenyewe, mpenzi. Nitasubiri hata ukinyamaza."

"Waje," Josiane alisema.

"Waje asubuhi," Febronia alidakia juu ya kikombe chake. "Mvua ikinyesha kile kilima kinateleza, na mimi sitaki mkwe aliyevunjika mguu."